Ng'ombe Waliolala kwa Mama Tluway

Vijana wa ofisi ya takwimu waliponiaga walinipa redio, blanketi na kazi. Kazi yenyewe ni hii: niandike tulivyokuwa tukifanya, kabla sijasahau. Mke wangu aliunga mkono haraka sana. Tangu nistaafu nashinda jikoni, na anasema nimemhesabia vikombe vyake mara nyingi kuliko anavyoweza kuvumilia. Basi naandika. Atakayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atasoma bure. Vyeo vilikuja vyenyewe kama mvi, na mishahara wake zetu wanaijua kuliko sisi.

Naitwa Safari. Kwetu Mbulu jina hilo wengi tunalo, na mimi nimelitumia vibaya maisha yangu yote. Sipendi safari. Napenda kulala kwenye kitanda ninachokijua na kunywa uji uliopikwa na mtu ninayemjua. Niliomba ukarani kwa sababu moja: nilipopita bomani niliona karani ana kiti. Hakuna aliyeniambia kwamba namba haziji ofisini zenyewe, na kwamba mtu wa kutumwa kuzifuata huwa ni yule aliyeajiriwa mwisho.

Siku ya kwanza nilifika bomani Mbulu asubuhi, ukungu bado umelalia mapaa, nimevaa suruali ya kuazima kwa kaka yangu. Uhuru ulikuwa mpya, na sisi tuliotoka sekondari tulidhani tumeajiriwa kuendesha nchi. Mkuu wangu, Mzee Athumani, alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa amevaa sweta mbili na koti juu. Alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa huku na uhamisho, na hadi anaondoka hakuwahi kuisamehe baridi yetu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Funga mlango kwanza, ndipo tujuane."

Nikafunga. Akanipa karatasi mbili. Zote zilitaja idadi ya watoto wanaosoma katika tarafa moja. Moja imetoka kwa watu wa elimu, nyingine ofisi ya Chama. Hazikulingana wala hazikukaribiana.

"Mkoani wanataka namba moja," akasema. "Nitafutie."

Nilijumlisha zote mbili, nikagawa kwa mbili, nikampelekea kabla chai yake haijapoa. Nikasimama pale nikisubiri sifa.

"Hii ya katikati umeitoa wapi?"

"Nimechukua wastani, Mzee."

"Kuna mtu aliyewahesabu watoto akapata hii?"

"Hapana, Mzee."

"Kwa hiyo walikuwepo waongo wawili, sasa mko watatu. Na wale wawili angalau waliwahi kuona mtoto."

Akanituma niulize. Nilikwenda kwa miguu, nikarudi na malengelenge na majibu. Watu wa elimu walihesabu majina yaliyoandikishwa mwanzo wa mwaka, pamoja na watoto waliokwisha kurudi machungani. Watu wa Chama walihesabu watoto wenye umri wa kwenda shule, wawe wanakwenda au hawaendi. Hakuna aliyedanganya. Ila hakuna aliyeulizwa tulichotaka sisi, yaani wangapi wanaonekana darasani. Ilibidi walimu waulizwe upya.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi. Watu hudhani kila namba ya serikali ni takwimu rasmi kwa kuwa ina muhuri. Mzee Athumani alikuwa akisema muhuri unaonyesha karatasi imetoka wapi, hauonyeshi namba imetoka wapi. Kwake namba yoyote iliyoingia iliandikwa kwanza kwa penseli. Ilikaa hapo penseli, hata kama imeletwa na mkuu wa idara mwenye gari, mpaka ajue nani alihesabu, alihesabu kwa macho au aliambiwa, na atapata nini namba ikipanda au ikishuka. Akiridhika alifungua kichupa cha wino. Namba ya wino ndiyo iliyokwenda mkoani, Arusha. Ya penseli ilibaki kwetu, na nyingine zilibaki hadi panya wakazimaliza.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na mashine ya kujumlishia ya mkono, yenye mpini kama wa kusaga nyama. Ikikwama tuliipiga kofi ubavuni, na ilielewa. Tulikuwa na karatasi za kaboni zilizotumika hadi zikawa nyeupe. Na tulikuwa na mimi, chombo cha kutumwa.

Safari yangu ya kwanza ya kutajika ilikuwa ya mvua. Kulikuwa na kituo upande wa Nangwa kilichotuletea vipimo vya mvua vya kushangaza. Mbulu kwenye misitu tunapata manyunyu, Nangwa inapata gharika. Nikapakiwa juu ya lori la ushirika, nimekaa kwenye magunia ya ngano na kuku wa mtu miguuni. Nilipofika, mlinzi wa kituo akanipeleka nyuma ya nyumba. Kipimo kilikuwa kimesimikwa vizuri kabisa chini ya ukingo wa bati, mahali maji ya paa lote yanapodondokea.

"Zamani kilikuwa kule uwanjani," akanieleza. "Mbuzi wakakiangusha. Hapa hawakifikii, na tena kinajaa vizuri."

Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Tukakirudisha uwanjani pamoja, tukakizungushia miiba, na vipimo vyote vya nyuma vikabaki penseli milele. Pengo lile tulilijaza kwa vipimo vya padre mmoja wa jirani, ambaye kila asubuhi alipima mvua kabla ya kunywa kahawa yake. Afisa mmoja alipinga. Padre si serikali, akasema, iweje mvua yake iwe rasmi? Mzee Athumani akamjibu kwamba mvua yenyewe haikuulizwa ni ya nani.

Safari ya pili ilikuwa Yaeda Chini. Nitaieleza kwa kifupi, kwa sababu tumbo langu halipendi kukumbuka ile barabara. Tulikuwa na taarifa ya familia za Wahadzabe waliohamia kwenye nyumba walizojengewa bondeni. Namba ilikuwa nzuri, ya mviringo, yenye sifuri mwishoni, inapendeza kusoma. Mzee Athumani hakupenda namba za mviringo. Tukashuka na Landrover, tukakuta nyumba zimepangwa kwa mstari, milango wazi, kimya. Mzee mmoja alikuwa amebaki kwa sababu ya mguu, amekaa kivulini anachonga mshale.

"Shikamoo Mzee. Watu wako wapi?"

"Wamefuata asali."

"Watarudi lini?"

"Asali ikiisha."

"Sisi tumekuja kuhesabu watu."

"Mmechelewa," akasema bila kuinua macho. "Hesabuni nyumba. Hizo hazijaenda popote."

Na kumbe ndivyo yule mwandishi wa taarifa alivyofanya. Alihesabu nyumba, akazidisha kwa watu aliodhani wanatosha nyumba moja. Tulirudi na jibu lisilompendeza mtu, kwamba watu wa Yaeda Chini hatujui idadi yao. Nilidhani Mzee Athumani atakasirika. Akasema kuandika "hatujui" kwa wino ni kazi ngumu kuliko kuandika namba, na nimeanza kuiweza.

Hanang ilipotengwa kuwa wilaya peke yake, Mzee Athumani alihamishiwa Katesh akanichukua. Sikushukuru. Katesh ina upepo unaoingia hata kwenye droo. Lakini yeye alifurahi kwa kuwa alivua sweta moja.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa baada ya operesheni ya vijiji, watu wamehamishiwa karibu na barabara, nyumba mpya na mashamba mapya. Bwana mifugo wetu aliitwa Mlay, kijana wa Kilimanjaro, mchapakazi, mwenye kuniita Bwana Safari Asiyesafiri mbele ya wageni. Alitaka idadi ya ng'ombe ili aombe dawa ya majosho. Namba za Chama zilikuwepo, zilizoletwa na mabalozi wa nyumba kumi. Zilikusanywa kwa kuuliza wenye mji, na kila mwenye mji alijibu vilevile: wawili watatu, wa kunywesha watoto maziwa. Ukijumlisha ng'ombe wa kata nzima ya Dirma kwa namba za Chama, unapata wachache kuliko niliowaona mimi kwenye josho moja asubuhi moja.

Mlay akahesabu kwa njia yake, na mimi nikalazimika kwenda naye. Tulisimama mlango wa zizi alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, tukawahesabu wakitoka mmoja mmoja. Ng'ombe hawezi kudanganya kwamba hayupo. Mwenye mji mmoja alisimama kando akasema, "Mnahesabu wageni wangu kabla hawajanawa uso," lakini hakutuzuia. Ng'ombe aliandikwa kwenye zizi alilolala. Kwa kazi ya josho sijaona hesabu safi kuliko ile. Mzee Athumani aliikagua, akafungua kichupa, akaipiga wino. Dawa ikaja, na haikupungua wala kumwagwa.

Kisha mvua zikakataa. Zilikataa mwaka ule, zikakataa na uliofuata. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Serikali ikaleta mahindi ya njano ya msaada, na mkoani wakatuma agizo lililoonekana la haki kabisa: kwa kuwa mahindi hayatoshi, kaya zenye ng'ombe wengi zisiandikwe, maana wanaweza kuuza. Na kwa kuwa Hanang ina takwimu rasmi ya mifugo, orodha ya kuacha watu itolewe humo. Mabalozi wakasoma majina ya walioachwa, hata kabla orodha haijatumwa mkoani.

Nadhani mwangwi wa majina hayo ulikuwa bado haujaisha Dirma wakati Mama Tluway alipopiga hodi kwetu Katesh. Alikuwa mjane, mrefu, amejifunga shuka la vumbi, ametembea njia nzima. Hakukaa alipokaribishwa.

"Hodi kwa wanaohesabu ng'ombe."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Naambiwa mimi ni tajiri. Nimekuja mnionyeshe utajiri wenyewe, maana nyumbani nimeutafuta sikuuona."

Mlay alikuwa pale, akamtambua. "Mama, mimi mwenyewe nilisimama kwenye zizi lako. Niliwaona wakitoka."

"Uliwaona. Nami nilikupa maziwa."

"Ulinipa."

"Yalikuwa mazuri?"

"Mazuri, mama."

"Basi maziwa ni yangu, ndiyo maana niliyagawa. Uliona nimekugawia ng'ombe?"

Mlay akanitazama. Yeye alikuwa mgeni, lakini mimi ni wa huku, nikajua palepale tumeshikwa wapi. Baba yangu mwenyewe alikuwa na ng'ombe kwa rafiki yake ambao sijawahi kuwaona hadi leo. Kwetu, Wairaqw na Wabarabaig sote, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki pahali pamoja. Ugonjwa ukiingia zizini, au wezi, au jua, asimalizwe kwa siku moja. Huwapeleka usiku kwa mtu anayemwamini, mara nyingi asiye na kitu. Yule mpokeaji anakunywa maziwa, anatumia samadi, anapata mnyama wa kulimia, na akitunza vizuri huenda siku moja akapewa ndama. Kuuza hawezi. Na kusema ni wa nani hawezi pia. Hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwenye ng'ombe ameuamini mdomo wako kabla ya kukukabidhi mnyama wake.

"Ni wa nani?" Mlay akauliza.

Mama Tluway akakaa sasa. Akatazama dirishani.

"Mama, ukimtaja tu, jina lako narudisha leo hii," Mlay akasema, na alisema kwa huruma. "Utapata mahindi."

"Na kesho zizi langu litakuwa tupu. Atawachukua, na hakuna mwingine atakayeniletea tena, maana nitakuwa yule aliyetaja. Nipate debe la mahindi, nipoteze maziwa ya watoto maisha yote. Hiyo hesabu haihitaji mashine yenu."

"Maziwa bado yapo?"

"Wako wawili wanaotoa. Wengine wamebaki ngozi. Watoto wangu wanne wanagawana kikombe."

Mzee Athumani alikuwa ametoka chumbani kwake, amesimama mlangoni. Akauliza jambo moja tu. "Mama, kwenye kihenge chako kuna nini leo?"

"Kuna panya," akasema. "Naye anatafuta pa kuhamia."

Akaruhusiwa kwenda kupumzika kwa ndugu yake pale Katesh. Hatukumwahidi kitu. Mzee Athumani aliniambia nitafute namba ya kata ya Dirma, akaitazama kwa muda, ile aliyoipiga wino mwenyewe.

"Ni kweli au si kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli, Mzee. Niliwaona."

"Ni kweli. Na inamwua mtu. Kaa hapo tufikiri."

Tulikuwa hatujafikiri sana alipoingia Katibu wa Chama wa Dirma. Msimdhanie vibaya. Alikuwa mtu mwadilifu, na orodha ile ilikuwa imemwacha nje hata mama yake mzazi, naye hakuomba arudishwe. Alikuja kuhimiza. Malori yalikuwa yanapangwa, na wilaya isiyopeleka orodha ingepitwa.

"Shikamoo Mzee Athumani. Orodha iko tayari?"

"Marahaba. Bado."

"Bado nini? Namba si rasmi? Mlipiga wino wenyewe."

"Ni rasmi. Ukiniuliza ng'ombe wangapi Dirma wanahitaji dawa ya josho, nitakujibu kwa kiapo. Lakini wewe unaniuliza nani ana njaa. Hiyo namba haijawahi kuulizwa jambo hilo."

"Mzee, hawa watu wanaficha. Nawajua, nimezaliwa nao. Tajiri anatawanya ng'ombe kwa wajane, kisha anasimama mbele yangu anasema ana wawili. Niachieni nafasi hii niwabane wajane wawataje, tuwajue. Ndiyo usawa tunaouhubiri."

"Pengine," Mzee Athumani akasema. "Lakini ukiwabana, ng'ombe watahama usiku mmoja, na wewe utabaki na majina, wajane watabaki na mazizi matupu. Halafu utawalisha nini?"

Katibu akasogea mezani. Kisha akasema taratibu, "Na lori likienda wilaya nyingine wakati ninyi mnafikiri, hao wajane watakula nini?"

Swali lilikuwa la haki. Nataka vijana mlielewe hili, kwa sababu nasikia siku hizi mnafundishwa kwamba ubora wa takwimu ni kitu cha kujadili na chai. Kila siku tuliyochelewa ililiwa na mtu. Tukipeleka namba iliyopo, mahindi yanakuja upesi na Mama Tluway na wenzake wanarukwa. Tukikataa, huenda wakakosa wote.

Mzee Athumani akaandika simu ya maandishi kwenda mkoani. Nilichapa mimi. Ilisema takwimu ya mifugo ya Hanang ni rasmi kwa kazi ya majosho, na si kipimo cha njaa. Orodha ya njaa inafuata, itatokana na kutazama vihenge. Akatia jina lake kamili chini, yeye peke yake. Jibu lilikuwa maneno mawili: "Fanyeni haraka."

Kwa hiyo Bwana Safari Asiyesafiri akapelekwa Dirma, kitanda cha kamba, chakula cha kubahatisha. Tulikwenda na bwana shamba, Mlay akiendesha, na Katibu akajipakia mwenyewe ili atusimamie. Tulipiga hodi bila taarifa, nyumba hadi nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kichwa ndani ya kihenge. Kichwa changu ni kikubwa, mama yangu aliwahi kulilalamikia hilo, na kihenge kimoja cha udongo kilinishika masikio. Mlay alikataa kunivuta hadi nilipokiri kwamba tayari nimesafiri. Wenye mji walicheka, na kwa mwaka ule kicheko kilikuwa zawadi ya kutosha kuletwa na mgeni.

Nafaka nayo yaweza kufichwa, mtasema. Ni kweli. Ndiyo sababu Mzee Athumani alituagiza tutazame na kinu. Kinu kinachotwanga kina mng'ao ndani na unga kwenye nyufa. Cha nyumba ya njaa kina vumbi, na buibui amekwisha kupima kiwanja. Tulikuta mtu mmoja aliyeandikwa maskini kwa sababu hana hata mbuzi. Kihenge chake kilikuwa kitupu kama alivyosema, lakini mchi wake ulikuwa unateleza kwa kutumika. Katibu aliushika ule mchi, akaunusa, akamtazama mwenyewe. Yule bwana akaondoa ngozi kwenye kona, tukaona magunia. Alikuwa amefanya biashara kidogo na watu wa Singida. Jina lake lilitoka, na la Mama Tluway likaingia, na ya wengi wa namna yake. Kuanzia nyumba ile Katibu hakuuliza tena ng'ombe. Aliuliza kinu kiko wapi.

Kuhusu ng'ombe tulikubaliana hatuulizi na hatuandiki. Nyumbani kwa mzee mmoja wa Kibarabaig, Mzee Gidamis, nilikuta zizi kubwa lenye wanyama wawili na kihenge chenye mwanga hadi chini. Alikuwa amekonda hadi bangili za shaba zinamzunguka mkononi. Nikaandika kihenge, nikapita.

Tulichelewa. Malori ya Mbulu yalifika kabla ya yetu, na siwezi kuandika kwamba kungoja kule hakukumwumiza mtu. Watu wa Dirma walichemsha majani ambayo nisingependa kuyataja majina. Katibu alilala akisikiliza barabara. Lakini lori likaja.

Tukagawa mbele ya ghala la kijiji. Katibu alikuwa mezani na orodha anaita majina, mimi kando yake natia alama, Mlay anapima kwa debe. Mstari ulikuwa mrefu na mtulivu, watu hawana nguvu ya kusukumana. Mama Tluway alifika mbele na gunia lake. Nyuma yake alikuwa Mzee Gidamis, ameegemea fimbo, debe la kuazima mkononi.

Katibu alikuwa anatafuta jina. Mzee Gidamis, kama mtu anayeongea na upepo, akasema nyuma ya bega la yule mama:

"Yule mweusi mwenye pembe iliyoinama, mguu umepona?"

"Umepona," Mama Tluway akajibu bila kugeuka. "Asubuhi bado anachechemea."

"Mpake mafuta ya kondoo."

"Nampaka."

Nadhani walikuwa wamezungumza hivyo miaka yote, na njaa ilikuwa imewachosha hata kujificha. Lakini penseli ya Katibu ilisimama. Mlay akabaki na debe mikononi. Mstari mzima ukaanza kuutazama mlima Hanang kana kwamba umesimama pale jana. Mama Tluway alijua alichofanya. Nilimwona anashusha gunia polepole, kama mtu anayejiandaa kulirudisha nyumbani tupu.

"Karani," Katibu akasema kwa sauti ya chini, "huyu mzee anamjuaje ng'ombe wa mama huyu?"

"Ndugu Katibu, Dirma nani asiyemjua ng'ombe wa mwenzake?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi niliagizwa kihenge," nikasema. "Cha mama nilikitazama ukiwepo, hakina kitu. Cha mzee pia hakina kitu."

Jina la mtu ambaye Katibu alikuwa akimtafuta kwa miaka lilikuwa limesimama mbele yake na debe la kuazima. Angeliandika, ng'ombe wangehama usiku uleule. Alimtazama mzee, bangili zake zimeshuka hadi kwenye vidole. Akamtazama mama, na mtoto aliyemshika shuka. Akaitazama orodha, kisha akaweka alama mahali pa Mama Tluway, alama moja, bila neno pembeni.

"Mama, kinga gunia."

Akakinga. Mlay akamimina debe hadi punje ya mwisho.

"Anayefuata," Katibu akasema.